Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mkono upi, kidole kipi?

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni fundi seremala wa Ngamiani. Mwaka jana msumeno wa mashine ulinipitia vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Viungo vya katikati vilisagika, havikuwa vya kutengenezeka. Daktari akaamua kuviunga, mfupa ushikane na mfupa, visikunjike tena lakini visiume.

Na daktari sina neno. Kabla ya upasuaji alinipa kalamu, akasema nimwonyeshe kwa mkono mzima ninavyoshika patasi. Akatazama vidole vimejikunja kiasi gani, akachagua pembe kwa hiyo. Kidole kikiungwa kimenyooka kabisa hakishiki kitu, kinakwama kila mahali kama msumari uliotokeza. Leo nashika patasi.

Balaa lilianzia kwenye karatasi. Bili iliandikwa "upasuaji wa kidole", mstari mmoja, na chini yake "vifaa", bei ya jumla. Fomu ya madai ikasema mkono wa kulia. Wa kulia ni mzima, ndio ninaoandikia barua hii! Eksirei inaonyesha kushoto, vidole viwili, pini nne. Bima wakayarudisha madai, nami nikaitwa dirishani nilipe taslimu. Nimekwenda mara sita kuomba parekebishwe. Mara faili halionekani, mara mwenye faili yuko likizo.

Mpwa wangu anayeshughulika na madai ya bima alinieleza kwamba Marekani kuunga kiungo cha kidole kuna namba yake, 26860, na kila kiungo cha ziada kinaandikiwa 26861. Daktari akichukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe kujazia, namba inabadilika, inakuwa 26862. Hatulazimiki kufuata namba zao. Ila tazama wanachouliza: viungo vingapi, na mfupa umetoka wapi. Mimi nilikatwa kipande cha mfupa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kovu ninalo, karatasi inayolitaja hakuna.

Hata mteja wa kabati namwandikia mbao ngapi, bawaba ngapi, kitasa cha aina gani, ndipo nitaje bei.

Naomba utoe agizo kwa hospitali za mkoa. Ripoti ya upasuaji itaje mkono, kidole, kiungo, sababu ya kukiunga, idadi ya pini au skrubu, na mfupa wa kujazia kama ulitumika. Bili iandikwe kutoka kwenye ripoti hiyo, si kutoka kichwani mwa karani. Na mgonjwa apewe nakala angali wodini, maana akishafika nyumbani Pangani au Korogwe, nauli ya kurudi kufuatilia neno moja inazidi alichodaiwa.

Pini zangu zilishatolewa. Nimezihifadhi kwenye kopo la misumari, zote nne, zikihitajika nitazileta.

Fundi seremala, Ngamiani