Kwa Zuhura, kutoka Graz

Graz, Austria
Septemba 2024

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Uliniuliza kwenye simu kama mkutano huu wa viunganishi vya ubongo na kompyuta, yaani vifaa vinavyosoma ishara za ubongo ili mtu aendeshe kompyuta bila kutumia mikono, una lolote la kuwafaa wagonjwa wa wodi yenu, nikakuahidi jibu refu. Ndilo hili.

Nianze na warsha, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi. Ukumbini mtu anapanda jukwaani, anaonyesha grafu zake, anapigiwa makofi, anashuka. Kwenye warsha mnakaa wachache, mnashika vifaa kwa mikono yenu, na mkufunzi hakasiriki ukimkatiza. Niliingia ile ya kuandika kwa mawimbi ya ubongo. Kwenye skrini kuna herufi na tarakimu 36, mistari sita kwa safu sita, zinamulikwa kwa zamu. Wewe unakazia fikra herufi unayoitaka. Kila inapomulikwa, baada ya takriban milisekunde 300 wimbi dogo linapanda kichwani mwako; kompyuta inatafuta ni mstari gani na safu gani vimeliamsha, na vinapokutana ndipo ilipo herufi yako. Njia hii watafiti Farwell na Donchin waliieleza tangu 1988. Wimbi ni dogo mno, ukikaza taya tu linapotea, ndiyo maana kila herufi hurudiwa mara kadhaa. Niliandika jina lako. Lilichukua muda, lakini lilitoka kamili, na mikono yangu ilikuwa imetulia mapajani.

Sasa nywele. Unakumbuka nilivyokuambia kwamba maabara moja iliwahi kuniondoa kwenye jaribio kwa sababu elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo, hazikufika kwenye ngozi ya kichwa? Nilirudi nyumbani nikilia. Safari hii nilisuka twende kilioni, mistari imenyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, nikiacha nafasi pale elektrodi zinapokaa. Wazo si langu. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, alitengeneza na wenzake elektrodi za kubana katikati ya mistari ya msuko, na kazi yao ilitoka 2020. Mimi sikuwa na elektrodi hizo, nilikuwa na kofia ya kawaida ya elektrodi na jeli yake, na bado ishara zilikuja safi. Mkufunzi aliuliza maswali mengi kuhusu msuko, akayaandika majibu. Imepita miaka 100 tangu Hans Berger aliponasa umeme wa ubongo wa binadamu kule Jena, mwaka 1924, na bado vichwa kama vyetu vinaachwa nje ya takwimu! Jambo hili linanichoma, na nitaendelea kulisema kila nitakapopewa nafasi.

Warsha iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya watumiaji wenyewe na wanaowauguza. Mwanamke mmoja anayemuuguza mumewe, mwenye ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi mtu apooze, alisema kwamba kuandika haraka si shida yake kubwa. Anachotaka ni mumewe aweze kumwita usiku akikabwa na makohozi. Tena kifaa kiwe cha kuvaliwa haraka, na kisimwachie kazi ya kuosha jeli nywelani kila jioni. Chumba kilinyamaza. Wahandisi wengi pale walikuwa wanahesabu herufi kwa dakika.

Jioni tulipanda Schlossberg, kilima kilicho katikati ya mji. Wengine walipitia ngazi, wenye viti mwendo wakapanda kwa lifti, tukakutana juu penye mnara wa saa. Ajabu ya saa ile, mshale mrefu ndio wa saa na mfupi ndio wa dakika. Chakula kilikuwa saladi yenye mafuta ya mbegu za maboga, meusi kama lami, matamu kweli. Mezani kila mtu alizungumzia Casey Harrell, Mmarekani mwenye ALS ambaye habari zake zilitoka Agosti hii. Ana elektrodi 256 ndani ya ubongo, na anapojaribu kusema, kompyuta inatoa maneno yake kwa sauti iliyotengenezwa ifanane na yake ya kabla ya ugonjwa, kwa usahihi wa kama asilimia 97. Wasiwasi wangu ni kwamba upasuaji wa aina hiyo hautafika wodini kwenu kwa muda mrefu. Kofia inaweza kufika.

Na hapa ndipo nilipokukumbuka sana. Ile mashine mnayotumia kuchochea misuli kwa umeme, hapa Graz kundi la mtafiti Gert Pfurtscheller liliiunganisha na ubongo zamani. Kijana aliyepooza mikono na miguu aliwaza tu kwamba anachezesha miguu, kofia ikalinasa wazo hilo, umeme ukaenda kwenye misuli ya mkono, na mkono ukashika glasi. Waliandika habari hizo 2003. Wale vijana wenu wa ajali za bodaboda, walioumia shingo, wana hali kama yake.

Kwa hiyo nina ombi. Waulize wagonjwa wako watatu au wanne, na ndugu wanaolala nao, ni kitu gani kimoja wangependa kukifanya wenyewe. Usiwatajie kompyuta kabisa. Andika maneno yao kama walivyoyasema, bila majina. Profesa wangu amekubali tuyageuze kuwa pendekezo la warsha, na jina lako litatangulia langu, maana unaowajua wagonjwa ni wewe. Nitumie kabla ya Oktoba kwisha, hata kwa sauti kwenye WhatsApp kama huna muda wa kuandika.

Msalimie mama. Mwambie koti alilonishonea linanifaa sana.

Wako,
Neema