Taa ya injini ikiwaka, sensa isiwe ya kwanza kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenye magari ya zamani hapa Tabora, hasa Carina, Corolla na Noah za miaka ya 1990. Gari ikianza kunywa mafuta, moshi ukanuka petroli na taa ya cheki injini ikawaka, mwenyewe huambiwa aagize sensa ya oksijeni Kariakoo. Isiposaidia, masega (kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi) yanakatwa. Fedha imetoka, ugonjwa uko palepale, na moshi mchafu tunauvuta sote.

Sensa hiyo hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha kompyuta ya gari ikaongeza au kupunguza petroli. Ikilalamika, mara nyingi inasema kweli.

Someni kodi kwanza, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi. Toyota nyingi za wakati huo zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazisomeki kwa mashine za OBD2 (za kusomea hitilafu za magari ya kisasa), lakini hazihitaji mashine. Kwenye kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kimya kifupi, kisha moja ni 21: sakiti ya sensa ya oksijeni. Namba 25 ni petroli kupungua, 26 ni kuzidi.

Hata 21 haitoshi kukupeleka dukani. Injini ikishapata moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika mbili, huku mita ya dijitali ikiwa kwenye waya wa signali. Volti zinatakiwa kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Zikifanya hivyo, sensa ni nzima. Hita yake pima ikiwa baridi: Toyota nyingi husoma ohm 11 hadi 16. Waya wa signali usiupime ohm kabisa, utaiua sensa.

Volti zikikwama chini, tafuta hewa inakopenya. Barabara za vijijini za Uyui na Sikonge hulegeza maungio ya ekzosi; gasketi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na sensa hudhani petroli ni kidogo. Plagi isiyochoma hudanganya vilevile, kwa sababu oksijeni ya silinda hiyo hutoka bila kutumika. Kompyuta huongeza petroli isiyohitajika, masega huchemka hadi kuyeyuka.

Zikikwama juu, petroli imezidi: angalia nozeli (vinyunyizio vya petroli) zinazovuja na sensa ya joto la maji. Halafu uliza kama themostati ipo, yaani vali inayozuia maji ya kupozea hadi injini ipate moto. Hili linatuuma. Gari ikichemsha, themostati hutolewa na kutupwa, wakati rejeta iliyoziba ndiyo yenye kosa. Themostati nyingi za Toyota hufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo, injini hukimbia ikiwa baridi njia nzima, kompyuta humwaga petroli kama asubuhi inapowashwa, na masizi meusi hufunika sensa. Sensa mpya itafunikwa hivyohivyo.

Ukithibitisha imekufa, angalia rangi za nyaya kabla ya kukata. Sensa ya kampuni ya Denso yenye nyaya nne ina mbili nyeusi za hita, buluu ya signali na nyeupe ya ethi (hasi). Kwenye ya kampuni ya Bosch nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni signali, kijivu ni ethi. Ukifuata rangi bila kujua ni ya nani, unapeleka volti 12 kwenye signali. Nyaya zibanwe kwa viunganishi, zisichomewe risasi, maana sensa nyingi huvuta hewa safi kupitia ndani ya waya. Na silikoni ya kawaida ya gasketi isitumike karibu na injini hiyo. Mvuke wake huacha unga mweupe kwenye ncha ya sensa, na unga huo hausafishiki.

Mafundi umeme wa magari,
Tabora