Watoto wanaachwa kituoni Buguruni mpaka giza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na makonda wa daladala za Gongo la Mboto, na zaidi niseme na abiria wenzangu.

Binti yangu yuko darasa la tano. Anasoma Buguruni, sisi tunakaa Ukonga. Januari nzima nilipanda naye asubuhi na kumfuata jioni, nikimfundisha: kaa karibu na mama mwenye mtoto, usimtajie mtu mtaa wetu, ukipitishwa kituo piga kelele. Namba yangu ya simu anayo kichwani. Februari nikamwachia aende mwenyewe. Siku ya kwanza chakula hakikupita kooni mpaka nilipomwona anakata kona ya dukani.

Majirani hunionya juu ya watekaji. Hofu hiyo ninayo. Lakini yaliyonikuta wiki iliyopita hayakuletwa na mtekaji. Mtoto alitoka shule saa 10 jioni, akaingia nyumbani saa 2 kasorobo usiku. Daladala tano zilimkataa. "Denti wawili tu, wametosha!" Konda anaziba mlango kwa mkono, wakubwa wanapenya, wadogo wanabaki na mabegi yao. Najua konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari, na mwanafunzi analipa shilingi 200 tu. Lakini nauli hiyo ni halali, imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mtoto hakuomba lifti. Na ndani ya magari yale matano walikuwamo wazazi, wote kimya.

Giza likaingia. Kijana wa bodaboda akamwambia, "Panda, nitakupeleka bure." Nikilikumbuka hilo neno "bure" mwili unanisisimka hadi sasa. Alikataa, akaenda kusimama kwa mama muuza karanga, ambaye aliacha biashara yake, akamshika mkono na kugombana na konda mpaka akampandisha.

Baba yake anataka tumlipie gari la shule. Fedha hiyo hatuna, na wengi pale kituoni hawana. Naomba trafiki wasimame Buguruni kuanzia saa 10 hadi 12 jioni. Nawe abiria mwenzangu, ukiona mtoto anazuiwa mlangoni, paza sauti. Sauti tatu zikitoka ndani ya gari, konda hushusha mkono. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Jumamosi nilikwenda kumshukuru yule mama. Akaniambia jioni ile mwanangu alikuwa wa nne kumpandisha.

Mama mzazi,
Ukonga, Dar es Salaam