Kinanda cha mabomba kinadai upepo, hakidai kustaafu

Ndugu Mhariri,

Makanisa yenye kinanda cha mabomba, kile kinacholia kwa upepo unaosukumwa ndani ya mabomba, Afrika Mashariki ni machache, na kanisa kuu la Kilutheri la Azania Front hapa Dar es Salaam ndilo mfano ambao wengi wanaufahamu. Kwa uchache huo, inauma kusikia kikao cha kanisa kikipitisha kwa dakika kumi kwamba chombo cha namna hiyo kifungwe kwa kuwa "kimetoka nje ya sauti", na fedha ziende kwenye kinanda cha umeme na spika mbili. Naomba nafasi nieleze kwa nini kinatoka nje ya sauti. Baadhi ya tiba zake hazina hata gharama.

Chanzo cha kwanza ni joto. Bomba la aina ya filimbi hulia kwa hewa iliyomo ndani yake, na hewa ikipata moto sauti hupanda, takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi (nusu toni ina senti 100). Fundi akityuni asubuhi ya Julai kanisa likiwa na nyuzi 24, noti ya A ikakaa 440 (yaani mitetemo 440 kwa sekunde), basi misa ya saa sita mwezi wa Februari, kwenye nyuzi 32, A ile ile itakuwa karibu 446. Hapo hakuna kilichoharibika, mabomba yamepanda yote kwa pamoja. Ila mabomba ya ulimi, yale ya sauti ya tarumbeta yenye kibati cha shaba kinachotetema, hayapandi kiasi hicho, kwa hiyo yanaonekana yameshuka. Kinanda cha umeme nacho hakijui joto wala baridi, kimekaa 440 mwaka mzima. Vipige vyote viwili A kwa wakati mmoja na utasikia mawimbi kama sita kila sekunde, wau, wau, wau. Waumini hawawezi kusema ni nini, lakini wanakunja uso, na lawama inakiangukia chenye mabomba.

Kwa hiyo fundi asiitwe siku ya Jumanne asubuhi, milango imefungwa na feni zimezimwa. Aje madirisha yakiwa wazi kama yanavyokuwa Jumapili, saa ile ile ya ibada, na ahakikishe kwanza kipimajoto kimetulia. Katikati ya mwaka mpiga kinanda ashughulikie mabomba ya ulimi tu, akiyalinganisha na ya filimbi, na asijaribu kufanya kinyume chake. Bomba dogo asilishike kwa kiganja: joto la mkono peke yake linapandisha sauti, na ukilirekebisha wakati huo, dakika tano baadaye litakuwa chini. Kama kwaya inang'ang'ania vyombo vyote viwili vipigwe pamoja, vinanda vingi vya umeme vina mpangilio mdogo wa kupandisha sauti kidogo kidogo. Pigeni A ya mabomba, sogezeni namba mpaka mawimbi yapotee. Lifanyike robo saa kabla ya misa, maana ya jana haifai leo.

Upepo ndio unaosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndio unaoua vinanda hivi. Mvukuto umeunganishwa kwa ngozi ya kondoo, na ngozi inazeeka kwenye mikunjo. Washa feni ya kusukuma upepo, mvukuto ujae, zima, usiguse kibao chochote, hesabu. Ukianguka ndani ya sekunde chache, kuna mahali panavuja. Pitisha kiganja kilicholowa maji kwenye mikunjo na viungo vya mfereji wa upepo, utapapata. Njia nyingine ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje umbo la U, utie maji nusu, mdomo mmoja uuweke kwenye tundu la bomba moja ulilochomoa, kisha ubonyeze noti yake. Tofauti ya usawa wa maji pande mbili ndiyo nguvu ya upepo. Vinanda vingi vya kanisa huwa kati ya milimita 60 na 90. Andikeni namba hiyo kwa penseli ndani ya mlango wa kinanda, muilinganishe kila mwaka. Kutyuni chombo ambacho upepo wake umeshuka ni kutupa fedha, kwani bomba lenye upepo mdogo hulia chini, na ngozi ikizibwa baadaye kila kitu kitapanda tena. Kuziba nako kuwe kwa ngozi na gundi ya wanyama. Selotepu na gundi ya viatu huachia kwenye joto, na pale zilipogusa, ngozi mpya haishiki tena.

Ikitokea noti inalia yenyewe katikati ya misa, mara nyingi ni kizibo chini ya bomba kilichonaswa na uchafu, au mbao iliyovimba kwa unyevu. Mpiga kinanda asizime chombo kizima. Arudishe rejista (vishikio vya kuchagua safu za mabomba) moja moja mpaka kelele ikome, ajue ni safu ipi, kisha mtu aingie ndani alichomoe bomba hilo moja. Litasikika pumzi kidogo, ila ibada itaendelea. Bomba lishikwe chini, kwenye mguu, kwa kuwa risasi na bati ni laini na mdomo wake ukipinda sauti imekwenda. Mabomba madogo yasiyotoa sauti kabisa, kabla hujaita fundi, chungulia: utando wa buibui unatosha.

Kuna jambo moja linalohusu sisi wanakwaya. Nyimbo zetu nyingi zimeandikwa kwa sol-fa (do, re, mi), juu kushoto kuna "Doh = F" au "Doh = Eb". Wapiga kinanda wengi wamejifunza vibao vyeupe tu, mengine yote wanaachia kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kinanda cha mabomba cha kawaida hakina kitufe hicho, na hapo ndipo inapozaliwa ile kauli ya "kinanda kigumu". Mtu ajifunze F, G, Bb, D na Eb kwa mikono yake. Sehemu kubwa ya kitabu itakuwa imefunguka.

Na kama kinanda kiko ghorofani nyuma huku kwaya iko mbele mita 30, sauti huchukua karibu sekunde 0.09 kufika, na kurudi hivyo hivyo. Mpiga kinanda akisubiri kusikia kwaya ndipo apige, na kwaya ikimsubiri yeye, wimbo utaburuzwa ubeti baada ya ubeti mpaka wa nne uwe wa msibani. Afuate mkono wa mwalimu wa kwaya kwa macho, kupitia kioo kilichofungwa juu ya kishikio cha nota. Kioo cha pembeni cha gari bovu kinafanya kazi hiyo vizuri.

Mpiga kinanda,
Dar es Salaam