Na waliozikwa hapa Dar nao wana wenyewe

Mhariri, naomba kanafasi kidogo niseme kuhusu makaburi yetu ya Temeke, ila nianzie mbali.

Wajapani wa kwanza kufika Hawaii kikundi walikuwa kama 150 tu, mwaka 1868, halafu mwaka 1885 ikaja meli na zaidi ya 900 kwa mkataba wa miaka mitatu kwenye mashamba ya miwa. Wengi hesabu yao ilikuwa wapige hela warudi kwao, ila wengine wakafia hukohuko wakazikwa hukohuko. Sasa waliobaki hawakusema aah wazee wetu wako Japani tutawakumbuka tukirudi, Obon yao, yaani sikukuu ya Kibudha ya kuwakumbuka wafu, wakahama nayo, mpaka leo kuanzia Juni hadi Agosti wanasafisha makaburi, wanaweka maua, wanachoma udi, na usiku kwenye uwanja wa hekalu la Kibudha wanasimamisha jukwaa katikati, ngoma zinalia watu wanazunguka wakicheza, bibi, mjukuu, hata jirani asiye Mjapani kabisa. Nyimbo nyingine ni za kwao hasa, za Fukushima na Iwakuni. Aliyefiwa mwaka huo Obon ile ya kwanza ina uzito wake, kama arobaini kwetu. Na mahekalu yanapokezana wikiendi, wiki hii huku, wiki ijayo kule, ili watu waende na kwa wenzao.

Njoo sasa huku kwetu Temeke. Nyasi kiunoni, chupa za plastiki kila kona, kuna msalaba wa mbao mchwa wamekula jina zimebaki herufi "phina" tu, na kaburi la vigae mtu kaanikia mashuka! Ukiuliza unajibiwa kwetu Songea, kwetu Kilwa, na anayejibu kazaliwa hapahapa na mama yake kalala palepale. Nauli ya Desemba kwenda mkoani inapatikana, ila nusu siku ya kufyeka hapa haipatikani.

Sisemi tukacheze ngoma makaburini jamani, mashekhe na wachungaji watatutoa roho. Nachotaka ni ile ya kupokezana: mitaa ipangiane Jumamosi kabla ya masika, leo mtaa huu wiki ijayo ule, msikitini na kanisani itangazwe, wenyeviti nao waje na fagio siyo na hotuba. Vijana wa kwetu mafyekeo wanayo, kinachokosekana ni gari la kubeba taka maana safari iliyopita tulifyeka tukarundika pembeni, mvua ikanyesha zikarudi zote.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam