Hadithi za vita zijadiliwe hadi maisha ya baada ya amani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na walimu wenzangu wa Fasihi kuhusu namna tunavyowaongoza vijana kujadili hadithi za vita. Mazoea yetu ni kuwauliza dhamira na wahusika, kisha kuwataka watoe hoja tatu tatu kutoka vitabu viwili kama mtihani unavyodai. Kwa njia hiyo mwanafunzi hujifunza kwamba vita huleta vifo na uharibifu, jambo alilolijua kabla hajafungua kitabu, lakini hapati fursa ya kumchunguza mhusika anayeendelea kuishi baada ya amani kutangazwa.

Chukulia mzee wa hadithini anayeficha unga chini ya kitanda ilhali ghala lake limejaa. Darasani ataitwa mchoyo, na mwalimu ataweka vema. Mwalimu wa Lindi au Mtwara hana sababu ya kuishia hapo. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, Kilwa, na majeshi ya Wajerumani yalipochoma mashamba na maghala ili kuwavunja nguvu wapiganaji, njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mwanafunzi akishalijua hilo, aulizwe: mzee huyu anaogopa nini, na kwa nini wajukuu wake hawamwelewi? Hapo jibu litatafutwa katika matendo na maneno ya mhusika, si katika daftari la nukuu.

Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Kusini kwetu tulipokea wakimbizi wa Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, tukawapokea tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992, na tangu mwaka 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Katika darasa la Newala au Tandahimba hatujui ni mtoto yupi ambaye bibi yake alivuka mto akikimbia. Kumtaka asimulie ya kwao ili kunogesha kipindi ni ukatili, hata nia ikiwa njema. Hadithi humpa nafasi ya kusema juu ya mzee wa kitabuni yale asiyoweza kuyasema juu ya bibi yake. Akitaka kwenda mbali zaidi, aamue mwenyewe.

Mjadala wa namna hii usitolewe alama. Kipindi kimoja cha dakika 40, mwalimu akiuliza maswali mawili na kuvumilia kimya kinachofuata (nacho huwa kirefu), kinatosha kwa kuanzia, na zile hoja tatu tatu zisubiri kipindi kingine.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara