Juma, sukari yako na misuli

Kaka Juma,

Vipi hali, wazima huko? Voisi yako nimeisikiliza yote, nikaona nikuandikie tu maana maelezo ni marefu. Unauliza inakuwaje mtu mwembamba kama wewe, soda hata hugusi, sukari ya asubuhi kabla hujala isome 6.6. Kwanza hiyo sio kisukari bado, madaktari wanaanza kuhesabu kwenye 7, ila umeshakaribia usijifanye huoni.

Wengi wanadhani kisukari ni kuisha kwa insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari. Hii ya ukubwani mara nyingi insulini ipo, tena mwanzoni inakuwa nyingi kuliko kawaida, shida misuli haiisikii. Na misuli ndo inayobeba fungu kubwa la sukari insulini ikiwa juu, sasa ikigoma sukari itaenda wapi, inabaki inazunguka kwenye damu. Sukari haijipitii tu ukuta wa seli, kuna protini zinaitwa GLUT4 ndo zinaipitisha, na muda mwingi zimejificha ndani kwenye vifuko vidogo mno. Insulini inapiga hodi nje, ujumbe unapokezanwa humo ndani, vifuko vinapanda hadi ukutani, GLUT4 zinatokeza, sukari inaingia na kuwekwa akiba kama glaikojeni. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, hodi inapigwa ila ujumbe unafia njiani. Na ukipima msuli wa mgonjwa, GLUT4 kwa kawaida zimo tele, hazitoki tu! Sababu moja inayotajwa sana ni mafuta yanayojipenyeza ndani ya seli za msuli, na hayo hata mwembamba anayo, hasa kama mzazi ana kisukari, so wembamba wako usikudanganye.

Kina Gerald Shulman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwaka 1999 walionyesha panapokwama ni hapo hapo kwenye kuingiza sukari, sio kwenye kutengeneza glaikojeni. Ila iliyonigusa zaidi ni ya kwao ya 1996, walichukua watu ambao wazazi wao wana kisukari, wenyewe hawaumwi ila insulini haiwakolei, yaani wewe kabisa, wakawapandisha mashine ya ngazi dakika 45, mara nne kwa wiki, wiki 6, na misuli yao ikaanza kuingiza sukari vizuri zaidi.

Hapo ndo patamu. Msuli ukifanya kazi unazitoa GLUT4 wenyewe bila kusubiri insulini, na njia hiyo hata kwa mwenye kisukari bado inafanya kazi. Halafu ukishapumzika, msuli unaendelea kuisikia insulini vizuri kwa siku moja au mbili hivi, ndo maana mazoezi ya Jumapili kwa Jumapili hayakusaidii sana. Bora utembee kila siku ukishakula, na ngazi za hapo ofisini uzipande, lifti waachie wengine. Na hao wanaokuuzia unga wa kusafisha kongosho achana nao bwana, hiyo hela nunua raba.

Kapime pia ile HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi mitatu, hii ya asubuhi moja haitoshi, majibu nitumie. Mama mpe shikamoo yangu, toka naye kutembea jioni, ila kwa vile anachoma insulini muulizeni daktari wake kwanza na abebe pipi, sindano na mazoezi vikikutana sukari inaweza kushuka ghafla.

Wako,
Sele